Simu ya Mtu Haishikwi

Mwalimu wenu wa kozi ya kutengeneza simu hapa Kitengela ni kijana mwenye adabu, na ndiyo sababu nimekubali kuandika. Alinikuta nje ya kanisa akaniambia, "Mama Nekesa, hebu andikia hawa watoto wangu kitu kidogo juu ya ile kazi yako ya kuchaji simu. Hata hawajui kulikuwa na kazi kama hiyo." Nikamwambia mtaniona bibi kizee wa kupiga domo. Akasema niandike hivyo hivyo. Basi haya, someni, na yule anayesoma huku amefungua video kwa upande mwingine, afunge moja.

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi, huwaambia sola iliingia, kila boma likawa na taa na kichwa cha kuchajia, wateja wakapungua. Wanatikisa kichwa, mazungumzo yanaisha. Jibu hilo ni nusu tu. Ile nusu nyingine sijamwambia mtu, hata Nekesa binti yangu ambaye ninakaa kwake, na nitaisema humu ikifika mahali pake. Si habari ya kuchekesha, kwa hiyo wacha kwanza tucheke kidogo.

Kibanda changu kilikuwa kwenye senta moja ndogo kati ya Isinya na Kajiado, ubavuni mwa bucha. Mume wangu, Mungu ailaze roho yake pema, alikuwa karani kwenye shamba la maua, tukatoka Bungoma na sanduku moja la bati na godoro. Stima ilikuwa imefika senta, lakini ukitoka pale hatua mia mbili huoni nguzo tena. Simu zilifika maboma kabla ya stima, na msishangae: mtu mwenye ng'ombe anataka kujua mvua imenyesha wapi kuliko mtu wa ofisi anavyotaka kujua habari za bungeni. Alhamisi, siku ya mnada, watu walitembea saa tatu, saa nne, simu imefungwa kwenye pembe ya shuka, imezimwa isije ikala chaji njiani. Asubuhi waliniachia, jioni wakachukua.

Nilikuwa na ubao wenye misumari arobaini. Kila simu nilibandika kipande cha plasta chenye nambari, na mwenyewe akaondoka na kipande cha katoni chenye nambari hiyo hiyo. Rahisi, sivyo? Mwezi wangu wa kwanza sikuwa na akili ya kubandika plasta. Nilijiambia nitakumbuka. Walikuja wazee wawili na mulika mwizi mbili, zile simu za tochi, zote nyeusi, zote kuukuu, nikampa huyu ya yule. Mmoja alikuwa wa upande wa Magadi, mwingine wa upande wa Namanga. Kwa wiki nzima kila mmoja alipokea habari za ng'ombe wa mwenzake. Waliporudi kubadilishana, walikuwa wanajua majina ya wajukuu wao kwa wao, na yule wa Namanga alikataa kuondoka kabla hajaambiwa kama ndama fulani alipona. Mimi ndiye niliyekaripiwa, wao wakaenda kunywa chai pamoja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Njuguna, fundi wa redio, mtu mfupi, mwenye maneno machache na kikohozi kirefu. Ndiye aliyenionyesha kwamba betri huwekwa juu ya meza iliyo sawa na kuzungushwa kwa kidole: ikizunguka kama pia, imevimba, mrudishie mwenyewe, usiichaji hata akikulilia. Ndiye aliyenifundisha kusugua meno ya betri, pale inapogusana na simu, kwa kifutio cha penseli, na kukunja karatasi ya kiberiti nyuma ya betri iliyolegea. Nyinyi sasa mna mashine za kupima kila kitu. Fanyeni hata hivyo ile ya kuzungusha, haigharimu chochote.

Hakunifundisha yote. Kuna mama alileta simu iliyoanguka kwenye kibuyu cha maziwa lala. Nilikuwa nimesikia kwamba simu iliyolowa huzikwa kwenye mchele, lakini mchele ulikuwa umeisha nyumbani, nikasema unga wa mahindi una tofauti gani. Asubuhi nilikuta nimepika kitu. Na simu za wazee wanusa ugoro, hizo ndizo zilizonitoa machozi: kabla ya kufungua kifuniko ilibidi kwanza nipige chafya mbili tatu, kwa sababu simu na kopo la ugoro vilikaa mfuko mmoja. Mtu analalamika hasikii vizuri, kumbe spika imejaa tumbaku ya miaka miwili.

Nje niliweka benchi. Niliiweka kwa ajili ya kivuli tu, sikuwa na mpango wowote mwingine. Lakini mtu aliyetembea saa nne na simu yake imezimwa hana pa kwenda, anakaa. Alikuta pale mtu mwingine naye simu yake iko msumarini, wakaanza kusalimiana kwa Kimaasai: "Sopa." "Hepa." Umetoka wapi, huko majani yakoje, mama yako anaendeleaje na mguu. Nimeona watu waliokosana kwa sababu ya mpaka wa shamba wakilazimika kukaa benchi moja toka asubuhi hadi saa kumi, na kufikia saa nane mmoja anamwuliza mwenzake kama ana kiberiti. Sisemi simu iliwapatanisha. Ninasema zilikuwa zimezimwa. Leo hapa Kitengela tunakaa watu watano sebuleni, wote tuna chaji ya kutosha, na mjukuu wangu ananitumia ujumbe kuniuliza chai iko tayari.

Wazee wengi hawakuwa wamesoma. Majina ndani ya simu yangewasaidia nini? Kwa hiyo niliwawekea alama. Daktari wa mifugo nilimpa alama ya kujumlisha. Mke mkubwa duara moja, mke wa pili duara mbili, na hapo nililazimika kuwa mwangalifu. Simu ikilia, mzee anatazama alama, anajua ni nani. Hilo lilikuwa wazo langu mwenyewe na nililionea fahari. Kumbe kwa njia hiyo nami nilikuwa nimejua kila anayempigia kila mtu.

Sasa niwaambie sheria ilitoka wapi.

Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na kijana, Sankale, aliyekuwa ametoka tu kuoa. Simu yake ililia ikiwa kwangu, siku hizo bado sikuwa nikizizima, ikalia tena, nikaona labda kuna shida. Nikashika. "Hello," nikasema kwa sauti tamu ya biashara. Upande wa pili kimya, kisha simu ikakatwa. Alikuwa ni mke wake. Kesho yake waliingia senta wanawake wanne, huyo bibi arusi, mama mkwe wake na shangazi wawili, wote wamevaa shanga kama watu wanaokwenda sherehe. Hawakunitukana. Walikaa kwenye benchi langu kutoka asubuhi, wakaniangalia. Nikimhudumia mtu, wananiangalia. Nikila, wananiangalia. Saa tisa yule mama mkwe akasimama, akasogea, akanitazama kutoka kilemba hadi ndala, akawageukia wenzake akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Aa, hii ni mama ya watu tu. Twende."

Nyinyi mnacheka. Mimi pia nilicheka, baadaye sana. Lakini nyumbani kwa Sankale mambo hayakuisha hivyo. Yule msichana alikuwa amesharudi kwao usiku ule wa simu, wazee wakaketi, maneno yakasemwa ambayo hayafutiki, na Sankale hakunisalimu kwa mwaka mzima. Mzee Njuguna alipopata habari alikohoa mpaka akamaliza, kisha akaniambia, "Wewe kazi yako ni betri. Maneno ya watu si yako. Mtu akikuachia simu, amekuachia chuma, hajakuachia mdomo wake." Siku hiyo hiyo nilichukua kipande cha mbao nikaandika kwa rangi nyekundu: SIMU YA MTU HAISHIKWI. Nikakigongomea juu ya misumari yangu.

Niliitunza sheria hiyo miaka tisa. Wateja waliipenda. Waliniambia wazi kwamba wanapita vibanda vingine Isinya kuja kwangu kwa sababu kwangu siri ya mtu iko salama. Nilijiona mtu wa maana. Nawaambia hili ili mjue kwamba sikuwa mzembe. Ningekuwa mzembe ningelala vizuri zaidi.

Kulikuwa na mteja mmoja aliyeitwa Mzee Koinet. Mrefu, mkavu, kofia ya sufu hata wakati wa jua kali. Msumari wake ulikuwa wa kumi na nne, na hakutaka mwingine, hata kama ubao wote ulikuwa mtupu. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Lemayian, na wasichana walioolewa mbali. Walikosana kwa sababu ya shamba. Watu wa plot walikuwa wamekuja na magari yao na ramani zao, mzee akatia kidole kwenye karatasi, sehemu ya malisho ikaenda, vigingi vikapigwa. Lemayian alimwambia baba yake mbele ya wageni kwamba ameuza hata mahali pa kusimama ng'ombe. Mzee akamjibu: toka, na usikanyage kwangu mpaka mimi mwenyewe nikuite. Kijana akaondoka, akaenda Magadi kutafuta kibarua. Plot tunayokaa sisi leo nayo ilikuwa malisho ya mtu, sijidanganyi kuhusu hilo.

Mwaka ukapita. Kiburi ni cha wote wawili, hakuna anayepiga. Kwenye simu ya mzee, nambari ya Lemayian ilikuwa na alama ya nyota. Mimi ndiye niliyeiweka.

Alhamisi moja mzee akafika mapema, akaiweka simu mezani kwa mikono miwili.

"Ngoto Nekesa," akasema. Hivyo ndivyo walivyoniita, mama yake Nekesa. "Leo hii simu ijae kabisa. Kabisa kabisa."

"Kuna nini, mzee?"

"Nilisema asikanyage mpaka nimuite. Sasa nimemuita. Nimetuma neno jana na dereva wa lori anaenda Magadi. Atamuona Jumamosi. Jumapili kijana atapiga."

Aliposema "kijana" alitabasamu, na nilikuwa sijawahi kuona meno yake. Akaenda zake mnadani.

Kwa kawaida nilizizima simu wakati wa kuchaji. Ile yake kitufe cha kuwashia kilikuwa kimeharibika, ukiizima unaweza kuhangaika asubuhi nzima kuiwasha, kwa hiyo niliiacha ikiwaka. Saa sita kasoro ikalia. Nikatazama msumari wa kumi na nne. Nyota.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Sikudhani ni mtu mwingine. Nilijua ni Lemayian, nilijua mzee anamngoja, nilijua hata kwamba amewahi kuliko tulivyotarajia. Nilitoka mbio nje kumtafuta mzee, lakini mnada ulikuwa umejaa, vumbi na kofia, na kibanda nilikiacha wazi na simu za watu thelathini ndani, nikarudi. Ikalia tena. Niliitoa msumarini nikaishika mkononi. Ilikuwa inatetemeka, zile simu za zamani zilitetemeka kwa nguvu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kijani. Nikafikiria wale wanawake wanne kwenye benchi. Nikafikiria Lemayian akisikia sauti ya mwanamke asiyemjua kwenye simu ya baba yake, pengine aseme mzee ameoa tena bila kumwambia, au mzee anamdharau, hataki hata kuongea naye, amempa mtu amjibu. Nikafikiria maneno ya Mzee Njuguna. Nikasema moyoni: jioni mzee atampigia mwenyewe, wayamalize wenyewe, mimi ni mtu wa betri.

Ililia mara tisa. Nilihesabu. Kati ya moja na nyingine dakika tano, dakika kumi. Baada ya ile ya tisa ikanyamaza, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Mzee alirudi saa kumi. Sikumficha, nilimwambia kabla hajakaa. "Mzee, Lemayian amepiga. Mara tisa."

"Amesema nini?"

"Sikushika, mzee."

Alitazama ule ubao wangu wa maandishi mekundu. Hakujua kusoma lakini alijua unasema nini, kila mtu alijua. "Ni sawa," akasema. "Hiyo ni sheria." Akanipa simu nimpigie. Yule mwanamke wa kwenye mtambo akasema mteja hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Tulipiga mpaka mwenye bucha akafunga mlango wake, na mzee akachukua fimbo akaenda.

Hakupatikana kesho yake, wala Jumapili, wala mwezi uliofuata. Dereva wa lori alipoulizwa alisema neno alilifikisha, na kwamba kijana alifurahi. Magadi walisema Lemayian ameacha kazi, amekwenda chini zaidi, upande wa mpaka, kuchunga ng'ombe za watu mahali ambapo hakuna mtandao.

Tangu hapo Mzee Koinet alikuja kila Alhamisi, kwa karibu miaka miwili. Mwanzoni nilidhani betri yake imekufa, nikaipima, nikaizungusha juu ya meza, nzima kabisa. Simu ilikuwa inakuja imejaa, ameichaji kwa jirani mwenye sola. Akaniambia nyumbani kwake mtandao unapatikana juu ya kilima tu na magoti yake hayapandi tena, kwa hiyo afadhali akae kwenye benchi langu, simu ikiwa kwenye paja. Na pale alikaa. Ikilia, senta nzima ilinyamaza. Ilikuwa daktari wa mifugo, au binti yake mmojawapo, au watu wa kutangaza bahati nasibu. Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa akiniletea maziwa, na mimi nilikuwa nikiyanywa nyuma ya kibanda kwa sababu sikuweza kuyanywa akiniona.

Siku moja, akiwa ameshaanza kukohoa vibaya, aliniambia, "Ngoto Nekesa, hii yangu ikilia na mimi siko, wewe shika. Ile sheria si yangu tena." Nikasema ndiyo, mzee.

Alikufa msimu wa ukame. Wiki iliyofuata mazishi mke wake alinijia na ile simu, akaiweka mezani kwa mikono miwili kama alivyokuwa akifanya mwenyewe. "Ikae hapa kwako," akasema. "Nyumbani itakufa tu, na kuna mtu anajua hiyo nambari kwa kichwa." Nikaitundika msumari wa kumi na nne. Niliichaji.

Wiki tatu baada ya mazishi, Jumanne, siku ambayo senta haina watu, ililia. Haikuwa nyota. Ilikuwa nambari ngeni tupu. Nilikumbuka nilichoahidi, nikabonyeza kijani, nikaiweka sikioni.

"Papa," mtu akasema. "Papa, ni mimi. Usikate. Nimesikia kwa soko wewe ni mgonjwa. Papa, ile siku uliniita, nilikuja. Dereva alifika haraka, akaniambia mzee amesema upige, akishika ukuje nyumbani. Sikungoja. Nilipanda gari asubuhi na begi yangu. Nikashuka njiani, hapo juu Kona Baridi, nikasema wacha nipige kabla sijaenda mbele, ndio nisikuje kama hunitaki. Nilipiga mara tisa. Upepo ilikuwa mingi. Nikasema basi, mzee amebadilisha roho. Nikatoa laini nikatupa huko chini kwa mawe, nikarudi. Nilikuwa na hasira sana. Saa hii sina. Nikuje, papa?"

Niligeuka nikatazama ile mbao yangu ya maandishi mekundu.

"Nikuje?" akauliza tena.

"Mwanangu," nikasema, "huyu si mzee. Mimi ni mama wa kuchaji simu, ile senta ya mnada."

"Mzee ako wapi?"

Hakuna njia nzuri ya kulisema jambo hilo. Nililisema. Wiki tatu, nikamwambia, na kwamba mama yake yuko salama. Nilisikia ng'ombe upande wake, na kengele, na mtu kwa mbali akimwita aje. Hakumwitikia.

Baadaye akauliza, "Alikuwa amekasirika?"

"Alikuwa anakungoja. Kila Alhamisi, hapa kwangu, kwa benchi, simu kwa mkono."

"Na ile siku nilipiga? Simu ilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema ilikuwa imezimwa. Kila simu kwangu huzimwa, angeamini. "Ilikuwa kwa mkono wangu," nikasema. "Niliona ni wewe. Sikushika kwa sababu si yangu."

Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, na akaniita kwa jina wanalomwitia mama: "Ungeshika tu, yeyo."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Ningependa ingekuwepo. Akaniambia Alhamisi atakuja kwa mama yake, na atapita kwangu kuchukua simu, na anataka kuniona, aniulize vile mzee alikuwa anakaa, alikuwa anasema nini. Nikamwambia karibu, mwanangu.

Hapa ndipo penye ile nusu nyingine ya jibu. Alhamisi ile sikufungua. Jumatano jioni niling'oa ubao wangu wa misumari, nikazirudisha simu chache zilizokuwepo, nikampa mwenye bucha ile ya kumi na nne ikiwa imejaa, nikapanda gari kuja Kitengela kwa Nekesa. Nikamwambia sola imeua biashara. Mwenye bucha alinipigia baadaye, akaniambia kijana alikuja, mrefu kama baba yake, akakaa kwenye benchi langu toka asubuhi hadi saa kumi. Aliniulizia mara mbili. Alipoondoka aliacha nambari yake na neno: "Mwambie yeyo akikuwa tayari, apige."

Mwalimu wenu alitaka niwafundishe kazi, na nimewafundisha: plasta, kifutio, kuzungusha betri, msitumie unga. Mtakuwa na simu za watu mezani siku nzima na zitakuwa zinalia. Siwaambii mshike. Mke wa Sankale alirudi lakini hakucheka naye tena kama mwanzo, nilikuwa nikiwaona. Wala siwaambii mwache. Ile mbao ya maandishi mekundu ilibaki pale, sijui nani aliichukua.

Nambari ya Lemayian iko kwenye simu yangu. Sikuiandika kwa jina, niliiwekea nyota. Nimeifungua mara nyingi, kidole kikasimama juu ya kijani vile vile kama siku ile. Asubuhi hii nimeitazama tena kabla ya kukaa kuwaandikia. Chaji imejaa, mtandao uko, na hii simu ni yangu mwenyewe.